Usimfuate Mbwa Majini

[Mvua juu ya bati. Kikombe kinawekwa mezani.]

ODONGO: Mnaisikia hiyo? Msidhani mitambo yetu imeharibika, ni mvua ya Ntinda, hapa Kampala. Tumeisubiri ipite tangu saa tisa, imekataa, tumeamua kurekodi nayo hivyo hivyo. Karibuni. Mimi ni Odongo.

ZAITUNI: Na mimi Zaituni. Kama sauti zetu zinazama, ongezeni kidogo huko kwenye simu.

ODONGO: Zinazama! Umeanza vizuri, maana leo habari ni ya kuzama. Wiki hii dada Zai alininunia siku mbili nzima kwa sababu ya video.

ZAITUNI: Sikununa. Nilinyamaza.

ODONGO: Alinyamaza siku mbili. Wasikilizaji, nilimtumia video ya jamaa mmoja kwenye nchi za baridi huko, ziwa limeganda, mbwa ametumbukia katikati. Jamaa akavua shati. Theluji imejaa kila mahali, yeye kifua wazi, akaingia anavunja barafu kwa viwiko mpaka akamfikia mbwa, akarudi naye. Watu ukingoni makofi. Mimi machozi yakanilengalenga. Nikaandika "Shujaa", nikatuma. Akanijibu neno moja.

ZAITUNI: Nilijibu "Mjinga."

ODONGO: Nikadhani ni mimi.

ZAITUNI: Mlikuwa wawili. [Kicheko] Sikiliza, afande. Huyo alibahatika. Unayemwona kwenye video ni yule aliyerudi. Kila msimu wa baridi kule kuna mtu anamfuata mbwa wake kwenye barafu, mtu anakufa, mbwa anapanda ukingoni mwenyewe, anajikung'uta, anakwenda nyumbani. Nimekaa Winnipeg miaka mitatu na hilo walikuwa wanaturudia kwenye redio kila Novemba, kama sisi hapa tunavyorudiwa kuhusu radi.

ODONGO: Winnipeg iko Kanada, kwa wasiojua. Jimbo la Manitoba. Alikwenda kufanya nini, hilo tulishalizungumza kipindi kingine.

ZAITUNI: Kazi ya kumtunza mama mzee. Nilimwita Bibi, naye alipenda. Alikuwa na miaka themanini na kitu, mguu mmoja hauna nguvu, kichwa kizima kuliko changu. Na alikuwa na mbwa, Toby. Labrado mweusi, kama kilo thelathini hivi. Kumtembeza Toby ilikuwa sehemu ya kazi, asubuhi na jioni.

ODONGO: Wewe! Mtoto wa Bombo, Mnubi, Mwislamu wa kutoka nyumba ya mashehe, unatembeza mbwa.

ZAITUNI: Mama yangu mpaka leo hajui. Sasa atajua. Mama, nilikuwa naosha mikono vizuri.

ODONGO: Haya, mama amesikia. Tupeleke kwenye barafu.

ZAITUNI: Kwanza nikuambie mahali penyewe, maana ukisikia ziwa unafikiria Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, maji mpaka macho yanachoka. Hapana. Ile mitaa ya pembeni ya Winnipeg imejaa mabwawa ya kuchimba, ya kupokea maji ya mvua yanayotoka mitaani kupitia mabomba. Nyumba zimezunguka, kuna njia ya kutembelea, viti, bata. Ukilitazama unasema hiki ni kidimbwi tu. Na ndicho kibaya kuliko ziwa, kwa sababu maji yanaingia na kutoka chini kwa chini, yanapanda na kushuka, na yanabeba ile chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha theluji. Kwa hiyo barafu yake haishikamani sawasawa. Hapa ina sentimita 15, hatua tatu mbele ina nne. Juu kote rangi ni ileile.

ODONGO: Na mtu anahitaji ngapi?

ZAITUNI: Msalaba Mwekundu wa Kanada wanasema 15 kwa mtu anayetembea, 25 kwa zile pikipiki za theluji. Kule Minnesota, ng'ambo ya mpaka, Marekani, wanasema 10 inatosha kutembea. Lakini hizo ni za barafu mpya, safi, ile yenye rangi ya buluu unayoweza kuona ndani. Ile nyeupe kama maziwa, iliyochanganyika na theluji, nguvu yake ni nusu, kwa hiyo unazidisha mara mbili. Ya kijivu, usiikanyage kabisa.

ODONGO: Na kwa nini inaganda juu na chini maji yanabaki maji? Hili mwalimu alinifundisha nikafaulu mtihani bila kuelewa.

ZAITUNI: Maji yanakuwa mazito zaidi yakifika nyuzi 4, yanazama. Yakizidi kupoa kutoka hapo yanakuwa mepesi tena, yanakaa juu, ndiyo yanayoganda. Basi ziwa linajifunika blanketi. Samaki wako chini wanaendelea na maisha yao. Tatizo ni sisi tunaotaka kutembea juu ya blanketi.

ODONGO: Endelea na Toby.

ZAITUNI: Mwisho wa Novemba, asubuhi. Baridi haijawa ile kali yenyewe, lakini vidole vinauma. Nilikuwa nimevaa glavu za duka la bei poa, hizi nyembamba za uzi. Bibi alikuwa ameniambia tangu wiki ya kwanza: karibu na bwawa Toby asitoke kwenye kamba, hasa mwanzo wa baridi na mwisho wake. Sasa mbwa wa kilo thelathini akivuta, ile kamba inakukata vidole vilivyokwisha kufa ganzi. Nikaangalia huku na huku. Hakuna mtu. Nikamfungua.

ODONGO: Ahaa.

ZAITUNI: Ngoja. Hilo tutalirudia. Nikamfungua, nikaweka mikono kwapani ipate moto. Kulikuwa na bata bukini wachache wamesimama katikati ya bwawa, juu ya barafu, wale ambao bado hawajaruka kwenda kusini. Bata bukini ana kilo nne, tano. Barafu inambeba bila shida. Toby akawaona. Alikimbia hatua labda ishirini. Nilisikia sauti kabla sijaona kitu. Unaijua sauti ya bati la nyumba mchana jua likiliwakia? Ta! Ta-ta! Ndiyo hiyo. Halafu Toby akapungua urefu. Hivyo ndivyo nilivyoona: mbwa amekuwa mfupi. Miguu ya nyuma imeingia, kisha yote.

ODONGO: Banange.

ZAITUNI: Bata wakaruka. Yeye akabaki kichwa na mikono miwili ya mbele juu ya ukingo wa shimo. Na kucha, Odongo. Kucha juu ya barafu iliyolowa. Kwaru, kwaru, kwaru, halafu kipande kinavunjika, anazama mpaka masikio, anatoka, anashika ukingo mwingine, kwaru, kwaru. Hapigi kelele. Nilidhani mbwa angelia. Alikuwa kimya, anafanya kazi.

ODONGO: Na wewe?

ZAITUNI: Mimi nilikuwa tayari nimeshakanyaga barafu kwa mguu mmoja. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka nimefikiria jambo moja tu: nitamwambia nini Bibi. Si mbwa niliyekuwa namfuata, nilikuwa naikimbia aibu. Na nyuma yangu mzee mmoja wa jirani akapiga kelele, ile sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha watu, kwamba nisimame. Nikasimama. Akaniambia nirudi nyuma kwa nyayo zangu zilezile.

ODONGO: Kwa sababu pale ulipokwisha kupita pamekubeba.

ZAITUNI: Pamenibeba, ndiyo. Mbele hupajui. Akawa tayari ana simu sikioni, anawapigia zimamoto, 911. Na akanipa kazi. Akaniambia, "Muite jina." Nikaona ananichezea. Mbwa anakufa, mimi niite jina!

ODONGO: Mimi pia ningeona hivyo.

ZAITUNI: Sasa tazama. Toby alikuwa anahangaika na ukingo wa mbele, upande wa bata, kuelekea katikati, ambako barafu ni nyembamba zaidi. Mnyama anataka kwenda kule alikokuwa anakwenda. Nilipoanza kuita, "Toby! Toby njoo!", nikipiga makofi, akageuka. Akaanza kuvunja kuelekea kwetu. Kila akiparamia panavunjika, lakini panavunjika upande wetu, na kadiri anavyokaribia ukingoni barafu inaweza ikawa nene, au akagusa chini. Mbwa wengi wanatoka hivyo, kwa kuitwa tu. Ukimkimbilia, kwanza unaongeza uzito kwenye barafu ileile aliyoishikilia. Pili, ukitumbukia sasa wako wawili, na mbwa aliyeshikwa na hofu atakupanda kichwani, maana wewe ndiye ukingo uliobaki.

ODONGO: Alitoka mwenyewe?

ZAITUNI: Hapana. Alisogea kama nusu ya njia, akachoka. Akaweka kidevu juu ya barafu. Ule mkao sitausahau, kama mzee aliyeegemea meza. Zimamoto wakafika. Watu wanne, na mmoja tayari amevaa suti ya rangi ya machungwa, ya mpira, imemfunika kuanzia unyayo mpaka kidevu, maji hayaingii. Kamba mgongoni, wenzake wawili wameishika nchi kavu. Hakukimbia. Alilala kifudifudi akatambaa, kama kenge. Barafu ikamvunjikia karibu na Toby, hakujali, suti inaelea. Akazunguka nyuma ya mbwa, si mbele, ili asivunje ule ukingo aliouegemea. Akamkumbatia kifuani, akanyoosha mkono juu, wale wawili wakavuta. Wakaja wote wawili wakiteleza kama gunia. Kuvuta kwenyewe hakukufika nusu dakika.

ODONGO: Zimamoto kwa ajili ya mbwa. Hapa ukiwapigia...

ZAITUNI: Nilimuuliza yule mzee swali hilohilo. Jibu lake: hawaji kwa ajili ya mbwa. Wanakuja kwa ajili yangu. Wanajua wasipokuja, mwenye mbwa ataingia.

[Mvua inaongezeka.]

ODONGO: Hebu nikuulize kuhusu yale maji, maana mimi baridi ninayoijua ni ya Kabale asubuhi. Mtu akitumbukia anakufa baada ya dakika ngapi? Mbili?

ZAITUNI: Hilo ndilo kila mtu anakosea. Hapohapo Winnipeg, Chuo Kikuu cha Manitoba, kuna profesa anaitwa Gordon Giesbrecht, kazi yake ni baridi. Amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi, apimwe. Wamempa jina la utani, Professor Popsicle, yaani profesa barafu ya kijiti, hizi wanazouziwa watoto wa shule. Yeye ndiye anayefundisha hesabu ya moja, kumi, moja. Dakika moja, dakika kumi, saa moja.

ODONGO: Fafanua.

ZAITUNI: Dakika ya kwanza, mwili unashtuka. Unavuta pumzi kubwa bila kutaka, unahema kama mtu aliyekimbizwa. Kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo, umevuta maji. Wengi wanaondoka hapo, na si kwa kuganda. Kazi ya dakika hiyo ni kushika ukingo na kutuliza pumzi, basi. Dakika kumi zinazofuata ndizo una mikono na miguu. Baada ya hapo vidole havitii, huwezi hata kufunga kamba uliyotupiwa. Na ile saa moja ni muda wa takriban kabla hujapoteza fahamu kwa baridi yenyewe. Yaani kifo cha baridi kiko mbali kuliko unavyodhani, kinachokuwahi ni kuchoka na kuzama.

ODONGO: Kwa hiyo katika zile kumi unatoka vipi?

ZAITUNI: Unageukia ulikotoka. Nguo huvui, zina hewa ndani, zinakufanya uelee kidogo. Viwiko juu ya barafu, miguu unapiga kama unaogelea mpaka mwili ulale sawa na maji, ndipo unajisukuma mbele kwa tumbo. Ukitoka husimami. Unabingirika kama gogo mpaka mbali. Wavuvi wa kule wanavaa shingoni misumari miwili yenye vishikio vya mbao, imeunganishwa kwa uzi. Wanaichoma kwenye barafu wajivute. Kucha za bandia. Toby angekuwa nazo asingehitaji mtu.

ODONGO: Alizaliwa na zake zikateleza. [Kimya kidogo] Unajua kwa nini nakuchimba sana? Tangu uanze kuzungumza naona mafunjo.

ZAITUNI: Mafunjo?

ODONGO: Mimi nimekulia kambi ya polisi Nsambya, hicho Kiswahili mnachokisikia ni cha kambini. Wanasiasa walisubiri mpaka Julai 2022 baraza la mawaziri likipitishe kuwa lugha rasmi, sisi tulikuwa tumeshagombana nacho, tumetukanana nacho na kusameheana nacho miaka mingi. Lakini likizo tulikuwa tunapelekwa Amolatar kwa babu. Ile ni rasi, Kyoga upande huu, Kwania upande ule. Na Kyoga pembeni kote ni mafunjo. Mtu asiyejua anaona majani marefu, anadhani ni nchi kavu yenye unyevu. Chini hakuna nchi. Ni mizizi imesukana kama mkeka, mkeka unaelea, chini yake maji, mahali pengine maji marefu kuliko mtu.

ZAITUNI: Unatembea juu yake?

ODONGO: Unatembea, na inabonyea. Kila hatua unaona majani ya mbali kidogo yanainama pamoja nawe. Ni imara kiasi chake. Vipande vinakatika na upepo unavisukuma ziwani na miti juu yake. Unakumbuka Aprili 2020, umeme ulizimika nchi nzima?

ZAITUNI: Kisiwa! Kisiwa kiligonga bwawa la Nalubaale pale Jinja.

ODONGO: Ndicho hicho. Kinachoweza kuzima Uganda nzima, halafu mahali fulani mkeka ni mwembamba kama chapati na huwezi kujua. Basi. Baba mdogo alikuwa na mbwa wa kuwindia, mdogo, rangi ya udongo, kilo kumi na tano hata hazifiki. Tulikuwa tunafuata ndezi pembeni mwa mafunjo. Ndezi kaingia, mbwa kamfuata. Tukasikia pluu. Halafu majani yanatikisika mahali pamoja.

ZAITUNI: Haonekani?

ODONGO: Haonekani! Wewe ulimwona Toby. Sisi tuliona majani yanatetemeka. Mimi nina miaka kumi na moja, nimeshajitupa mbele, baba mdogo akanidaka kwa kaptula. Akanipandisha hewani. Hakuniambia neno. Akatoa panga, akakata mafunjo, mafungu mawili, matatu, akayalaza mbele yake kwa mapana, kama unavyotandika kitanda. Akakata tena, akalaza juu yake. Akajifunga kiunoni kamba ya nyavu, ncha akatupa sisi, watoto wanne na jirani mmoja. Halafu akalala chini juu ya yale mafungu ya mafunjo, kifudifudi, upondo wa mtumbwi umelala mbele yake, akaanza kutambaa.

ZAITUNI: Odongo. Ni kitu kilekile.

ODONGO: Kilekile! Hajawahi kuona barafu isipokuwa ile ya kuwekea samaki. Lakini uzito umetandazwa, kamba iko nchi kavu, mtu hasimami. Nani alimfundisha? Labda nzohe, yule swala wa kinamasi. Umewaona kwato zao? Ndefu, zimepanuka kama koleo, ndiyo maana anatembea kwenye kinamasi ambapo swala mwingine angezama mpaka tumbo.

ZAITUNI: Akampata?

ODONGO: Alisukuma upondo mpaka pale panapotikisika, yule mbwa akaupandia kwa mikono ya mbele, akamvuta polepole mpaka akamfikia shingo. Akamdaka ngozi ya kisogo. Na yule mbwa akageuka akamng'ata mkono. Hapa, chini ya kiwiko.

ZAITUNI: Mbwa wake mwenyewe.

ODONGO: Mbwa wake, aliyekula naye sahani moja karibu. Anayezama hana bwana. Baba mdogo hakumwachia, akapiga kelele "Vuteni!", tukavuta. Viganja vyangu vilichubuka, nilikula kwa kijiko wiki nzima, nyumba ambayo hakuna anayekula kwa kijiko.

ZAITUNI: Na lile jeraha? Kwa sababu hapo ndipo Uganda inatofautiana na Winnipeg. Huku kung'atwa na mbwa ni hatari zaidi ya kichaa cha mbwa.

ODONGO: Nyanya alimkalisha kisimani na kipande cha sabuni ya kufulia, akaosha na kuosha na kuosha. Tulidhani ni hasira. Baadaye nimejua ndivyo inavyotakiwa: maji na sabuni dakika 15, mfululizo, halafu kituo cha afya, uchomwe chanjo, usisubiri kuona. Alikwenda kwa baiskeli siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, hakuna hospitali itakayokurudisha.

ZAITUNI: Kwa hiyo anayemwokoa mbwa afunike mikono yake. Jaketi nene, gunia, chochote.

ODONGO: Na kama ni mtoni au ziwani hapa kwetu, angalia kwanza kama kuna mamba. Hilo halipo kwenye mafunzo ya profesa barafu.

ZAITUNI: [Kicheko] Halipo. Lakini utaratibu wa uokoaji unafanya kazi hata Ggaba, ufukoni hapa Kampala. Kwanza unaongea, unaita. Pili unafikisha kitu: fimbo, kafi, ngazi. Ikishindikana unatupa kitu chenye kamba. Ikishindikana chombo, mtumbwi, na si wewe peke yako. Kuingia mwenyewe majini ni mwisho kabisa, na ni kwa aliyefundishwa, aliyevaa, aliyefungwa kamba.

ODONGO: Kutupa, hapo nina neno. Jerikani. Kila nyumba Uganda ina jerikani ya lita 20. Tupu, kifuniko kimekazwa, hiyo inabeba kilo kama 20 juu ya maji. Mtu mzima ndani ya maji hahitaji hata hizo kuweka kichwa juu. Funga kamba kwenye mpini wa jerikani, na uache maji kidogo ndani, kama vikombe vitatu, ipate uzito, la sivyo ukiitupa upepo unaichukua. Mimi nimemwekea mama moja pale kwenye bwawa lake la samaki, inaning'inia kwenye uzio na mita kumi na tano za kamba. Imeibiwa mara mbili. Sasa nimeitoboa juu ya kifuniko kwa... hapana, nisiseme, nitawafundisha wezi.

ZAITUNI: Ukiitoboa si itazama?

ODONGO: [Kimya] Nitapiga simu nyumbani leo.

[Kicheko kirefu.]

ZAITUNI: Na mbwa aliye majini atasaidiwa na jerikani au ni ya watu?

ODONGO: Ya watu. Mbwa hajui kushika. Ila mbwa mwenye mkanda wa kifuani, ule wa mabegani, unaweza kumnasa kwa upondo. Wa shingoni tu utamnyonga. Haya, tulimwacha Toby amelala kwenye theluji.

ZAITUNI: Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanalia. Yule mzee akasema ni vizuri, akitetemeka mwili unapigana. Akiacha kutetemeka na bado wa baridi, amelegea, hapo ni kukimbia kwa daktari wa mifugo. Mbwa ana joto kuliko sisi, 38 na kitu mpaka 39, ukimpima na kumkuta sawa na wewe, tayari ameshuka. Tulimbeba kwa blanketi. Nilitaka kumweka mbele ya hita, Bibi akakataa. Unamkausha kwa taulo kwa kukandamiza, humsugui kwa nguvu. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa, unaziweka kifuani na tumboni, si miguuni. Ukipasha miguu kwanza ile damu ya baridi inarudi moyoni yote kwa pamoja. Na hata akiamka akala, unampeleka akaangaliwe mapafu, kama alivuta maji. Tulimpeleka. Alikuwa mzima. Usiku alikula mkate wangu.

ODONGO: Na sasa ile kamba.

ZAITUNI: Nilijua hutasahau.

ODONGO: Ulisema tutairudia.

ZAITUNI: Bibi alikuwa amekaa dirishani siku ile, lakini bwawa halionekani kutoka pale, kuna nyumba katikati. Akaniuliza ilikuwaje. Nikamwambia kamba ilikatika.

ODONGO: Zai.

ZAITUNI: Najua. Niliogopa. Kibali changu cha kazi, pango, kila kitu kilikuwa kwenye ile nyumba. Nikasema ilikatika, akasema pole mwanangu, akaendelea kumkausha Toby masikio. Usiku nimelala nikakumbuka kamba yenyewe. Nilikuwa nimeitoa mfukoni nilipoingia, kwa mazoea, nikaitundika kwenye msumari wake mlangoni. Nzima. Haina hata uzi uliochomoka. Na Bibi alikuwa anapita pale kila akienda jikoni.

ODONGO: Alikuambia nini?

ZAITUNI: Hakusema kitu. Asubuhi nikashuka kutengeneza chai. Kamba iko palepale kwenye msumari. Chini yake, juu ya kiti cha kuvulia viatu, kuna glavu. Zile nene za sufu, ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja na gumba lina chumba chake. Za zamani, zimeshonwa upya kwenye kiganja kwa uzi wa rangi nyingine. Toby amekaa pembeni yake anasubiri tutoke.

ODONGO: Ukazivaa.

ZAITUNI: Nikazivaa. Ninazo mpaka leo, ziko Bombo kwenye sanduku, mama yangu anadhani ni za kushikia sufuria.